UZI: Mafuta, vanishi au rangi? Baraza na uzio wa mbao kwa hewa ya Mtwara na Lindi

MwanaShangani
Wakuu, habari za kazi. Kuna baraza ya mbao ya nje, futi 16 kwa 12, haina paa, Shangani ya Mtwara, karibu kabisa na bahari. Mbao ni mninga, zimepigwa vanishi ya kung'aa, na sasa vanishi inabanduka vipande vipande huku chini yake mbao zimeingia weusi. Pembeni kuna uzio wa paini, urefu futi 100, kimo futi 5, mbao hazijarandwa na hazijapakwa kitu. Mvua zimekatika. Nini kipakwe wapi, na kwa utaratibu gani? Kila duka lina jibu lake.

Seremala wa Ligula
Mkuu, nianze na vanishi, maana kosa hilo liko kila mahali kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko.

Vanishi ya kawaida ni ngozi inayokaa juu ya mbao. Ukiipaka kwenye mbao iliyo ndani, chini ya paa, inadumu miaka. Nje hali ni nyingine. Miale ya jua inapita kwenye ile ngozi angavu na kula uso wa mbao ulio chini yake, hivyo vanishi inabaki imeshika unga tu. Wakati huohuo mbao inavimba msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa kusi, na ngozi ngumu haiwezi kuifuata. Inapasuka nywele nywele kwenye maungio na ncha, maji yanaingia, hayatoki, kuvu inaota chini. Ule weusi uliouona umeanza hivyo. Kuongeza koti jingine juu ya vanishi iliyoachia ni kupoteza hela.

Vanishi ya boti yenye kinga ya jua ipo na ni nzuri, lakini inataka makoti 6 au zaidi, na kila mwaka ipigwe msasa mwepesi na kuongezwa koti. Kwa mlango wa mbele au kiti kilicho chini ya paa, sawa. Kwa sakafu inayokanyagwa na viatu vyenye mchanga, hapana.

Baraza yako inataka mafuta ya mbao ya nje yanayopenya, yenye rangi ndani yake na yenye dawa ya kuvu. Hiyo rangi si pambo. Chembe zake ndizo zinazozuia jua. Mafuta meupe yasiyo na rangi yanazuia maji ila mbao itageuka kijivu. Chagua kahawia ya wastani. Sababu kubwa ya kupenda mafuta ni kwamba yakichoka hayabanduki, yanafifia tu: unaosha, unaacha pakauke, unaongeza koti. Hakuna kukwangua tena.

Kwa vanishi iliyopo, kwangua yote kwa kikwangua cha chuma ukifuata mwelekeo wa nyuzi, kisha msasa namba 60, umalizie na namba 80. Usipande hadi 120 au 180 ukitafuta ulaini wa meza, maana uso ukiwa laini sana mafuta hayaingii. Usiache hata kiraka cha vanishi, pale mafuta yatakaa juu na kunata. Na vaa barakoa ya vumbi, unga wa mninga unawasha pua na kifua.

Korosho Kusini
Nakazia kwa seremala, kisha niongeze jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: unyevu wa mbao yenyewe.

Kwa hewa ya pwani yetu, mbao iliyokauka vizuri kivulini inatulia kati ya asilimia 14 na 17 ya unyevu. Haishuki zaidi hata uiache mwaka mzima. Usipake chochote ikiwa juu ya 18. Paini inayoshuka kutoka Mafinga mara nyingi inafika ikiwa bado mbichi, na ukiipaka siku ileile unafungia maji ndani.

Kama huna kipima unyevu, mizani ya dijitali ya jikoni inatosha. Kata kipande cha inchi mbili kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime. Kiweke kwenye oveni nyuzi 100 hadi 105, ukitoe na kupima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, kisha gawa kwa uzito mkavu. Mfano: gramu 200 zikashuka hadi 172, maji ni 28, gawa kwa 172, unapata asilimia 16. Hiyo iko tayari. Zikishuka hadi 155, unyevu ni 29, mbao irudi kwenye vijiti.

Kukausha kwenye vijiti ni hivi: vijiti vya inchi 1 kila futi 2, vipangwe mstari mmoja wima toka chini hadi juu, tabaka la chini liinuliwe futi 1 na nusu kutoka ardhini, juu bati, pembeni wazi upepo upite. Ubao wa inchi 1 wa paini wakati wa kusi unachukua kama wiki 6 hadi 8. Ubao mnene unataka muda mrefu zaidi, na hapo mizani ndiyo itakayosema, si kalenda.

Msimu wa kupaka huku kwetu ni Juni hadi Oktoba. Mvua ikianza Novemba au Desemba, acha. Na hata ndani ya msimu kuna saa zake: usianze kabla ya saa tatu asubuhi, umande uwe umekauka kabisa, na koti la mwisho liwe limekwisha kupakwa kabla ya saa tisa alasiri. Usipake ubao uliopigwa na jua kali, mafuta yanakauka juu kabla hayajaingia. Fuata kivuli kinavyozunguka.

Bi Mitwero
Ahsanteni walimu. Mimi nauliza kuhusu weusi na ukijani. Uzio upande wa mwembe una utando wa kijani na madoa meusi. Nitajuaje kama ni kuvu, uchafu au doa la msumari? Na mashine ya kuoshea magari inafaa?

Seremala wa Ligula
Dada, dondoshea tone la jiki juu ya doa. Likipauka ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Likibaki vilevile, ni uchafu au ni chuma kilichokutana na tanini, ile asidi ya asili ya mbao.

Kuvu na utando wa kijani: jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, na sabuni ya unga kidogo. Kwanza lowesha majani na maua yaliyo jirani kwa maji matupu. Paka kwa brashi ya nailoni kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, acha dakika 10 hadi 15 bila kukauka, sugua, suuza kwa maji mengi. Usiiache ikalala juu ya mbao, inakula nyuzi na kutia kutu vichwa vya misumari.

Doa la chuma, lile jeusi la kibluu linaloshuka kutoka kichwa cha msumari, linataka asidi ya oksaliki, gramu 60 hadi 100 kwa lita 1 ya maji ya moto. Ni sumu. Vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, suuza mara mbili. Na tafadhali sana: asidi hii isikutane kabisa na jiki, wala siki isikutane na jiki. Inatoka gesi ya klorini inayoua. Fanya moja, suuza vizuri, acha hadi kesho yake, ndiyo ufanye nyingine.

Mashine ya magari inafaa ikishikwa na mtu mtulivu. Tumia kichwa kinachotawanya maji kama feni, kaa sentimeta 30 kutoka kwenye mbao, pita sambamba na nyuzi. Ukiikaribia, paini inachimbika sehemu laini na kuacha matuta yenye nywele. Kwa uzio mfupi, brashi na ndoo ni salama zaidi.

Nahodha wa Mikindani
Suala la maji ya kusuuzia lisipite hivihivi. Visima vingi vya ufukweni vina maji ya chumvichumvi. Chumvi inavuta unyevu hewani, ikibaki kwenye mbao uso hautakauka sawasawa na rangi haitashika. Suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua. Na kwa nyumba zinazotazama bahari, kabla ya kupaka osha hata mbao mpya zilizokaa nje kwa wiki. Chumvi ya kusi huwezi kuiona, ila pitisha kidole kisha lamba, utaijua.

Halafu angalia pande. Kusi inatoka kusini mashariki, hivyo chumvi inashika zaidi uso unaotazama bahari. Jua nalo mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ndani ya kiangazi uso wa kaskazini na wa magharibi ndio unaochomwa. Uzio mmoja unaweza kuhitaji koti upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwakani. Si lazima upake wote kila mara.

Mlinzi wa Mingoyo
Wengi huku wanapaka oili chafu ya magari, wanasema mchwa haugusi. Wadau mnasemaje?

Korosho Kusini
Hapana, mkuu, na nasema kwa uzito wote. Oili chafu haikauki na haiingii ndani ya kutosha kuzuia kuoza. Inakaa juu miezi michache, mvua inaiosha, inazama kwenye mchanga. Udongo wetu wa pwani ni mchanga mtupu na visima ni vifupi, hivyo oili na vyuma vizito vilivyo ndani yake vinaelekea kwenye maji ya kunywa. Tena ukishaipaka, hakuna rangi wala mafuta yatakayoshika juu yake. Nguo za watoto zinachafuka, na moto wa kuchoma majani ukipita karibu uzio unawaka haraka.

Mchwa unazuiwa chini, si kwa kupaka uso. Kama unanunua nguzo, nunua zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, zile zenye ukijani. Ukizikata, ncha iliyokatwa haina dawa ya kutosha katikati, kwa hiyo ipakwe dawa ya shaba makoti mawili au matatu, na ncha hiyo iwe juu, isiende ardhini. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni. Dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Peleka dampo, usizike karibu na kisima.

Dawa za boraksi nazo zinaua wadudu, lakini mvua inaziyeyusha na kuziondoa. Zinafaa chini ya paa, au chini ya rangi iliyofunga vizuri.

Nahodha wa Mikindani
Naona kuna watu watauliza kuhusu sifa na deheni, maana majahazi yamedumu kwazo. Sifa, yale mafuta ya ini la papa, yanafanya kazi kwenye chombo kwa sababu chombo kinapakwa mara kwa mara na maji ya bahari yanasumbua kuvu. Kwenye uzio wa nyumbani sifa inakuwa chakula cha kuvu, na harufu yake mnaijua. Deheni ni mafuta na chokaa kwa ajili ya kuziba chini ya chombo, haina kazi kwenye baraza.

Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) matupu yana tatizo hilohilo la kuvu kwa hewa yetu. Yasipochanganywa na dawa ya kuvu, uso unaingia madoa meusi mvua za kwanza tu.

Mafuta ya maganda ya korosho ni habari tofauti. Ni meusi, yananata, na wadudu hawayapendi. Yanafaa kwenye sehemu inayozikwa na kwenye upande wa chini wa boriti usiogusika. Ila yanaunguza ngozi kwelikweli, malengelenge yanatoka kama ya moto. Glavu nene, mikono mirefu, jipake mafuta ya mgando usoni na shingoni, na usiyapashe moto ndani ya nyumba, mvuke wake unawasha macho. Kwenye mkono wa ngazi au kiti, hata tone lisiguse.

MwanaShangani
Nashukuru sana wakuu. Kwa hiyo uzio wa paini nao upakwe mafuta, au rangi?

Seremala wa Ligula
Uzio hauna watu wanaoukanyaga, hivyo rangi inaruhusiwa. Kwa paini ndiyo nzuri zaidi, maana paini haina kinga yake yenyewe kama mninga, mkongo au mvule. Lakini rangi inadumu pale tu maji hayana njia ya kuingia nyuma yake. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, hapa ndipo fedha inapopotea.

Ncha za ubao, pale ulipokatwa na msumeno, zinafyonza maji haraka mara nyingi kuliko ubavu. Ubao wa uzio unaoza ukianzia nchani. Kwa hiyo paka ncha zote kabla ya kupigilia, makoti matatu ya praima (rangi ya msingi), la kwanza likiwa limepunguzwa kidogo kwa tina ili liingie. Vilevile paka uso wa nyuma na sehemu ambazo ubao utalalia fito za mlalo. Ukishapigilia huwezi kufika tena, na pale ndipo maji yanapolala. Fito ya mlalo irandwe mgongo uwe na mteremko, maji yasitulie juu. Ubao wa wima usiguse udongo, acha inchi 2.

Vifundo vya paini vina utomvu, vitatoboa rangi kwa madoa ya njano. Vipake shelaki makoti mawili kwanza. Kisha praima ya mbao ya mafuta koti 1 kila upande, halafu rangi ya nje ya akriliki (rangi ya maji) makoti 2. Watu wanapenda rangi ya mafuta ya kung'aa kwa sababu inaonekana ngumu, na ugumu huo ndio unaoipasua. Akriliki inanyumbuka na inaachia mvuke kidogo utoke.

Na usiache paini tupu juani wiki kadhaa ukisubiri hela ya rangi. Uso ukishapigwa na jua unalegea, rangi inashika nyuzi zilizokufa. Kama imeshakaa zaidi ya wiki mbili, pitisha msasa 80 kabla ya praima. Ubao usiorandwa nao unasuguliwa kwa brashi ngumu tu kuondoa nywele, usihangaike kuulainisha.

Bi Mitwero
Na nguzo zenyewe? Kila uzio unaoanguka unakatikia usawa wa ardhi.

Korosho Kusini
Ndiyo, dada, pale ndipo hewa, maji na kuvu vinapokutana. Shimo futi 2 na nusu kwa uzio wa futi 5. Chini mwaga kokoto inchi 4 hadi 6, nguzo ikae juu ya kokoto, si juu ya zege, ili maji yashuke. Zege lizunguke ubavuni tu, lipande inchi 2 juu ya ardhi na literemke pande zote. Zege lililo bapa au lenye bonde linakusanya maji kuizunguka nguzo, afadhali usingeweka kabisa. Zege likikauka litaachana na nguzo kidogo, ziba ufa huo kwa lami laini na ukague kila mwaka. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari au kivishwe kofia ya bati.

Kwa nguzo za baraza, usizike kabisa. Simamisha kwenye kiatu cha chuma kilichochovywa zinki, kiinuke inchi 2 au 3 juu ya zege. Unauona mchwa ukipanda kabla haujaingia.

Misumari ya kawaida karibu na bahari inalia kutu mapema. Tumia skrubu za stenlesi, na kwa nyumba za ufukweni ziwe namba 316. Namba 304 inaingia madoa ya kahawia. Kama bei haikubali, misumari iliyochovywa zinki nene, si ile iliyopakwa zinki nyembamba inayong'aa.

MwanaShangani
Kiasi cha kununua, wakuu?

Seremala wa Ligula
Tuhesabu. Baraza ya futi 16 kwa 12, ubao wa inchi 6 wenye unene wa inchi 1 na nusu, nafasi ya robo inchi kati ya ubao na ubao: mbao 31. Kama utazifungua upake pande zote, juu, chini na mbavu zinafika kama mita za mraba 43. Mafuta kwenye mbao iliyopigwa msasa yanakwenda mita 10 kwa lita, hivyo koti la kwanza ni lita 4 na nusu. Koti la pili ni juu na mbavu tu, mita 26, kama lita 2 na nusu. Galoni mbili za lita 4 zinatosha na akiba kidogo inabaki. Kama huwezi kufungua, makoti mawili ya juu na mbavu yanafika kama lita 5, hivyo nunua galoni moja na lita 2 za ziada, na ingia na brashi nyembamba ndani ya nafasi na upake ncha zote makoti matatu.

Namna ya kupaka: ubao mmoja au miwili kwa wakati, toka ncha hadi ncha bila kusimama katikati, vinginevyo alama ya makutano itaonekana daima. Baada ya dakika 15 hadi 20 futa yote ambayo hayajaingia kwa kitambaa kikavu. Wengi wanaona ni hasara kufuta. Mafuta yaliyobaki juu hayakauki, yananata na kubeba mchanga wote wa Shangani. Kabla ya koti lolote nyunyiza matone ya maji: yakinywewa ndani ya dakika chache, mbao inataka mafuta. Yakisimama kama shanga, haihitaji, usiongeze. Kwa baraza isiyo na paa, pima hivyo kila Juni.

Uzio: futi 100 kwa 5, pande mbili, ni mita za mraba 93. Mbao zisizorandwa zinakunywa. Praima kadiria mita 6 kwa lita, ndoo moja ya lita 20. Akriliki makoti mawili, mita 9 kwa lita, inakuja lita 21, yaani ndoo moja na galoni. Nunua zote za toleo moja, namba iko kwenye kifuniko, au uzichanganye pamoja kabla ya kuanza.

Nahodha wa Mikindani
Kama kuna mwenye mvule au mtiki badala ya mninga: mbao hizi zina mafuta yake ya asili yanayochelewesha kukauka. Futa uso kwa asetoni na kitambaa cheupe, ukibadilisha kitambaa kikichafuka, kisha paka kabla saa moja haijaisha. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, ukiache siku mbili.

Bi Mitwero
Vitambaa vya kufutia mafuta vinaoshwa au vinatupwa?

Seremala wa Ligula
Hapo umegusa jambo la hatari, dada. Kitambaa chenye mafuta ya linsidi, au mafuta ya mbao yaliyotengenezwa nayo, kikikunjwa na kurundikwa kinapata joto chenyewe na kuwaka, hata bila kiberiti. Karakana zinaungua hivyo. Kila jioni viloweke kwenye ndoo ya maji, au vitandaze kimoja kimoja juu ya mchanga nje, kivulini, mpaka vikakamae kama ngozi kavu, ndipo utupe.

Mafuta yaliyobaki yahamishie kwenye chupa au kopo dogo lijae hadi shingoni. Kwenye galoni lililo nusu, hewa iliyomo inatengeneza utando juu, na msimu ujao utakuta robo yake haifai. Andika tarehe na rangi kwenye kopo, liweke ndani, mbali na jiko na mbali na watoto.